Bustani Yangu Ilikufa Mara Mbili

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa gangi ya njia mbele ya mkutano wa tawi letu la Nakuru, Jumapili alasiri, baada ya mambo ya ada kumalizika.)



Mimi si msemaji. Masomo yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, nayo yakaishia hapo, maana karo ya kwenda mbele haikupatikana. Kazi yangu ni kupiga mataruma, kukaza misumari na kusawazisha kokoto, kama mnavyonijua wengi wenu. Lakini Katibu aliniomba nije niseme habari za bustani yangu ndogo ya nyuma ya landhi. Nilimwambia, "Bwana Katibu, bustani hiyo imekufa mara mbili, nitasema nini?" Akajibu, "Hayo hayo ndiyo tunayotaka kusikia. Wa bustani isiyokufa ni wengi, nao hutuchosha kwa majivuno." (Kicheko.)

Basi nitasema kama ilivyokuwa.

Kabla sijaanza, nataka kulitoa njiani jambo moja, kwa kuwa najua wapo ndugu humu wanaonung'unika moyoni. Wanasema, "Chama ni cha kudai mshahara, kwa nini leo tunafundishwa kupanda sukuma wiki? Mwajiri akisikia kwamba tunajilisha wenyewe, si atasema mshahara unatosha?" Neno hilo si la upuuzi. Zamani za ukoloni mshahara wa Mwafrika ulipimwa kama mshahara wa mtu asiye na mke wala watoto, kwa hoja kwamba jamaa yake wanalishwa na shamba kule nyumbani. Shamba la mama likawa sababu ya kumpunja baba. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na reli pale Mombasa waliacha kazi, na mshahara ulikuwa mbele katika malalamiko yao. Tena mwaka 1954 kamati ya bwana Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilisema kwamba mshahara wa mtu mmoja haufai, yapasa kuelekea mshahara wa mtu pamoja na jamaa yake.

Kwa hiyo nasema wazi: bustani si badala ya mshahara. Mtu akiwaambia hivyo, mkataeni hata kama ni mimi. Ninalo daftari langu hapa. Mwezi wa Septemba 2025 tulichuma mboga siku 22. Kila siku hiyo tungalitoa sh. 50 sokoni, ambazo ni sh. 1,100. Tuliuza miche na dania kwa sh. 640. Tukatoa mbegu sh. 150 na samadi sh. 200. Faida ni sh. 1,390. Je, hizo zalipa karo? Hazilipi. Zanunua viatu vya watoto watatu? Hazinunui. Lakini siku 22 watoto wangu walikula mboga mbichi, nami sikuingia dukani kukopa. Hiyo ndiyo kazi ya bustani. Kazi ya mshahara iko pale pale, na madai yetu yako pale pale.

Sasa nirudi kwenye habari yangu.

Kule misheni kila mtoto alipewa tuta lake moja la kutunza. Mwalimu wetu alikuwa akipita na fimbo akihesabu magugu. Nilipopata nyumba ya landhi mwaka 2019, niliona nyuma yake kipande cha ardhi kama hatua 12 kwa hatua 7, kimejaa chupa, mifupa na majani makavu. Niliomba ruhusa kwanza, maana ardhi ni ya reli, nanyi mnajua mtu aweza kupanda leo na kesho akaambiwa ang'oe. Nikasafisha, nikachimba shimo la mboji pembeni, nikatia maganda ya ndizi, majani, majivu na samadi ya ng'ombe, nikawa nageuza kila baada ya majuma mawili. Udongo wetu wa Nakuru ni mwepesi, una majivu ya volkano. Hunywa maji upesi na kukauka upesi. Bila mboji na bila nyasi za kufunika, jua hukushinda.

Nilipanda sukuma wiki, nikiacha futi mbili kati ya mstari na mstari na futi moja na nusu kati ya mche na mche. Nikatia vitunguu, dania, na mnavu ambao watu wa huku huuita managu. Kwa miaka mitatu bustani ilikwenda vizuri. Hata mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipofunga mambo mengi, tulikuwa na kitu cha kutia katika sufuria. Nikaanza kujiona hodari.

Novemba 2022 tulikuwa tukibadilisha reli iliyochakaa. Reli ikateleza, nami nilikuwa nimeweka mguu mahali ambapo nyapara alikuwa amekwisha kutukataza. Kosa lilikuwa langu, na la haraka zangu. Mfupa wa muundi ulivunjika mara mbili. Nilifungwa plasta, nikakaa nyumbani miezi mingi.

Hapa nataka vijana wasikilize. Siku ya pili Katibu alikuja hospitali kabla hata shemeji zangu hawajafika. Aliniuliza kama ajali imeandikwa. Mimi nilikuwa naona haya, nikasema kosa ni langu, niache tu. Akanikemea. Alinieleza kwamba iko Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, kwamba mfanyakazi yampasa kutoa habari upesi, na kwamba dai lisicheleweshwe kupita miezi 12 tangu siku ya ajali. Nilitia sahihi pale kitandani. Msifanye haya ya kipumbavu kama nilivyotaka kufanya mimi.

Sasa bustani. Mithali yasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sikuweza kuinama. Nilikaa mlangoni na magongo yangu, nikiona magugu yanamea, sukuma zinatoa maua, vidukari wanajaa chini ya majani mpaka yanajikunja kama masikio ya mbwa mgonjwa. Mbuzi wa jirani akaingia mara ya kwanza, akaingia mara ya pili, mara ya tatu hakuna tena cha kumwingiza.

Mtasema mguu ndio ulioiua bustani. Mimi nami nilisema hivyo muda mrefu. Lakini si kweli, na leo nitaikiri kweli mbele ya mke wangu aliyeketi pale nyuma. Juma la kwanza nilipotoka hospitali, yeye alichukua jembe aende kupalilia. Nikamwita nikamwambia, "Liache." Akauliza, "Kwa nini?" Nikasema, "Nikipona nitalima mwenyewe." Sababu niliyoificha ni kwamba wanaume wa landhi hupita njia ile jioni, nami niliogopa watasema katika nyumba hii hakuna mume. Alifua nguo za watu ili tupate unga, na mimi nikamkataza kupalilia mboga zetu wenyewe! Bustani haikuuawa na mguu. Iliuawa na kiburi changu.

Ilipofika Februari 2023 deni letu la dukani lilikuwa sh. 4,700. Mwenye duka hakusema neno baya, lakini alianza kumpimia mtoto wangu polepole sana, akiangalia mizani kuliko ilivyopasa. Mtoto aliporudi alisema, "Baba, yule mtu amesema uje wewe." Usiku ule sikulala.

Jumapili yake akaja mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye alifanya kazi ya njia miaka mingi kabla yangu. Hakuniletea pole wala machungwa. Aliniletea gunia kuukuu na mkebe mkubwa wa mafuta uliotolewa kitako. Akaniuliza, "Mikono yako imevunjika?" Nikasema la. "Basi keti juu ya kigoda, ufanye kazi."

Nitawaeleza jinsi alivyonifundisha, maana yeyote mwenye mgongo mbaya, au asiye na ardhi kabisa, aweza kufanya hivi mlangoni pake. Changanya udongo karai mbili na samadi iliyooza karai moja. Kunja midomo ya gunia chini, tia udongo kidogo kitakoni. Simamisha mkebe katikati, ujaze mawe madogo au matofali yaliyovunjika. Si kokoto za njia, ndugu zangu, hizo zina mwenyewe! (Kicheko.) Jaza udongo kuzunguka mkebe, kisha uvute mkebe juu, mawe yabaki. Jaza tena, vuta tena, mpaka gunia lijae. Hapo katikati utakuwa na nguzo ya mawe tangu chini hadi juu. Maji humwagwa katika ile nguzo, nayo huyagawa kila upande. Ukimwaga juu ya udongo tu, chini hubaki kukavu. Toboa matundu ubavuni, yasielekeane, upande mche mmoja katika kila tundu, na mingine juu. Gunia moja langu lilichukua miche 36.

Nilipanda magunia matatu nikiwa nimeketi. Mke wangu alileta udongo na maji, nami safari hii nilinyamaza. Wanaume wakapita njia ile jioni. Mmoja akasimama, nikangoja kejeli. Akasema, "Hilo gunia nami nataka kujua lafanywaje." Yale maneno niliyoyaogopa miezi mitatu hayakuwamo kinywani mwa mtu yeyote ila mwangu.

Baada ya majuma saba tulianza kuchuma. Chuma majani ya chini kwanza, uache matano au sita ya juu ili mche upate nguvu. Ukiuchuna wote kwa tamaa ya siku moja, umejichunia njaa ya juma zima. Kufika Agosti, niliporudi kazini kwa kazi nyepesi, deni la dukani lilikuwa limebaki sh. 900. Magunia peke yake hayakulilipa. Malipo yangu ya ugonjwa yalikuwamo na kufua kwa mke wangu kulikuwamo. Lakini deni halikuongezeka tena, na deni lisiloongezeka hulipika.

Hicho ndicho kifo cha kwanza. Cha pili kilikuwa cha maji.

Wote mwakumbuka mvua za Aprili na Mei 2024, zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za Kenya na kuua watu wengi. Kwetu sisi, nashukuru Mungu, hakufa mtu. Lakini usiku mmoja mtaro wa juu ulifurika, maji yakaja na taka zote, na ya vyoo pia. Asubuhi udongo wangu wa miaka mitano ulikuwa umekwenda bondeni. Sukuma zilizosalia zilikuwa zimesimama, za kijani kabisa, nzuri kwa macho. Mke wangu alitaka kuzichuma. Hapo nilikataa, na safari hii nilikuwa na haki. Mboga za majani zilizoguswa na maji ya choo si chakula, hata zikioshwa. Zaweza kuleta kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu. Niling'oa zote. Kazi hiyo ilinichoma moyo kuliko mbuzi wa yule jirani.

Nilipoona mvua bado inakuja, nilichimba mfereji upesi, peke yangu, siku nzima, na mguu huu unaouma. Niliridhika sana. Mvua iliyofuata haikugusa tuta langu hata moja. Yote iliingia katika nyumba ya jirani.

Ndiyo, ndugu. Mfereji wangu ulielekea mlangoni pake. Mimi niliangalia maji yatoke kwangu, sikuangalia yaendako. Godoro la watoto wake liliroa, na unga debe moja ukaharibika. Akaja amekasirika, nami badala ya kuomba radhi nikamkumbusha mbuzi wake wa mwaka 2022. Tulitupiana maneno mbele ya wake zetu na watoto. Watu wa chama kimoja, wa gangi moja, tukakaa majuma matatu bila kusalimiana, huku tukishika reli moja mchana kutwa. Ni vibaya sana kubeba chuma kizito pamoja na mtu usiyesema naye. Mguu wangu ulikwisha kunifundisha chuma ni nini.

Ndipo siku moja, tukiwa katika kusafisha mifereji ya njia, nyapara alitueleza tena lile tunalolijua sote: maji ya mvua hayafukuzwi, huonyeshwa njia. Usipofuata mteremko mpaka mwisho, unahamisha hasara tu. Niliona haya, maana hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya, nami nyumbani nimefanya kinyume. Jioni nilikwenda kwa jirani na debe la unga, nikamwambia, "Nisamehe. Kosa ni langu." Hakusema mengi. Alisema, "Na mbuzi nitamfunga." Jumamosi ile tulitoka watu wa nyumba sita, tukachimba mtaro mmoja tangu juu hadi kwenye bomba kubwa la chini, kila mtu sehemu yake. Tangu hapo maji hayajaingia kwa mtu yeyote katika sita sisi.

Nilianza upya na magunia, nikiyainua juu ya mawe. Ile ardhi niliiacha miezi kadhaa ipigwe jua, nikarudisha mboji kidogo kidogo. Leo ina tuta nne. Haijarudi kama zamani, nami sitawadanganya.

Sasa maneno machache ya faida, kisha nitaketi.

Kwanza, ndugu wa reli, msitumie mataruma ya mbao yaliyotupwa kujengea matuta ya mboga. Najua ni magumu, na yanavutia. Lakini yamenyweshwa dawa ile nyeusi ya kuzuia mchwa na kuoza, nayo ni sumu. Hutoka katika ubao na kuingia udongoni. Tena msipande mboga karibu na njia ambako hunyunyizwa dawa ya kuua majani.

Pili, vidukari. Watazameni chini ya jani, wala si juu. Mkiona sisimizi wanapanda shina, jueni wanafuata utamu wa vidukari. Yeyusheni kipande cha sabuni ya kufulia katika maji, mwaoshe jioni, mrudie baada ya siku chache. Wale wadudu wadogo wa mgongo mwekundu wenye madoa msiwaue. Hao ni askari wenu, hula vidukari.

Tatu, msipande nyanya mahali palipotoka viazi, wala viazi palipotoka nyanya. Ni ndugu, na ugonjwa wa mmoja hurithiwa na mwingine. Pandeni kunde au maharagwe katikati, ardhi ipumzike na kupata nguvu.

Nne, maji ya kuoshea mboga na mchele yasimwagwe bure. Yale yenye dawa kali ya kufulia msiyatie bustanini.

Tano, mke wako akichukua jembe, mwache. (Vigelegele kutoka kwa akina mama.)

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, ninalo pendekezo. Mtu akiugua katika tawi letu tunachanga fedha, na ni vema tuendelee. Lakini fedha huisha majuma mawili, na ugonjwa hauishi. Napendekeza tawi liwe na kitalu kimoja cha miche, hapa kando ya ofisi, penye bomba. Mimi na jirani yangu yule tumekubaliana kukitunza. Mwanachama akivunjika au akilazwa, watu wawili waende kwake na gunia lililokwisha kujazwa na miche 30, waliweke mlangoni, wasingoje kuombwa. Maana mgonjwa haombi. Mimi sikuomba. Nilikaa miezi mitatu mlangoni nikiona haya, mpaka mzee mmoja alipokuja na mkebe usio na kitako.

Mzee yule alifariki mwaka jana. Gunia lake la kwanza limekwisha kuoza, lakini mkebe ninao, na mkitaka kuutazama, uko hapa chini ya meza.



(Pendekezo la kitalu liliungwa mkono na wanachama wawili, likapita bila kupingwa. Wenye magunia matupu wanaombwa kuyaleta ofisini kabla ya mwisho wa mwezi.)